Lesotho: kwa gari, kwa farasi, au kwa kuchungulia?

Kila nikitaja kwamba nimefika Lesotho mara mbili, swali la kwanza huwa ni "Kufanya nini?" Aliyetoka Dubai haulizwi hivyo. Na sababu ipo: nchi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 30,355, imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, haina bahari wala mbuga ya simba. Ila ni nchi pekee duniani ambayo yote nzima iko juu ya mita 1,000. Sehemu yake ya chini kabisa, pale mto Makhaleng unapoingia Senqu, iko kwenye mita 1,400 hivi. Yaani shimo lao ndiyo Arusha mjini yetu. Kuanzia hapo ni kupanda tu, hadi Thabana Ntlenyana, mita 3,482, ambapo Julai theluji ni jambo la kawaida.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Upande wa mama ni Wangoni wa Songea. Zile vurugu za miaka ya 1820 ambazo Wasotho wanaziita Lifaqane ndizo zilizomtoa Zwangendaba, mkuu wa Wangoni, na watu wake kule kusini. Wakavuka Zambezi mwaka 1835, yeye akafia Ufipa, na kundi moja la watu wake likateremka mpaka Ungoni. Wetu walikimbia. Wasotho walipanda mlimani wakabaki. Nilitaka kusikia upande wao.

Safari ya kwanza nilikwenda kwa gari, na nilikosea kuchagua. Ya pili nikapanda farasi. Katikati nilipata siku moja ya Sani, kipito cha mlimani mpakani mwa Lesotho na Afrika Kusini, nikiwa Durban kwa shughuli nyingine; hiyo siihesabu kuwa nimefika. Zote tatu zinauzwa kwa maneno yaleyale, "ziara ya utamaduni na historia ikiwa na mwongozaji", na kwa picha ileile ya mzee mwenye blanketi juu ya farasi. Ukweli ni kwamba ni bidhaa tatu tofauti kabisa, kwa hiyo niziweke kando kwa kando, mwenye kuchagua achague.

Kwa gari: nyanda za chini, mahali historia ilipo

Hii ndiyo ya siku tatu hadi tano, kambi yako ikiwa Maseru, mji mkuu, au Morija, na dereva ambaye mara nyingi ndiye huyohuyo mwongozaji. Barabara kuu ni za lami. Mzee wa miaka 70 anaiweza, mtoto anaiweza, mwenye goti bovu naye anaiweza, isipokuwa pale Thaba Bosiu penyewe, ambapo lazima kupanda kwa miguu.

Thaba Bosiu iko kilomita 24 hivi kutoka Maseru. Ukiiona kwa mbali unaweza kusema, "Ni hii tu?" Ni kilima kilichokatwa juu kama meza, mita 1,804 kutoka usawa wa bahari, kuta zake za mawe zimesimama wima. Mfalme Moshoeshoe, mwanzilishi wa taifa la Wasotho, alihamia hapo na watu wake mwaka 1824, katika baridi, akitoka Butha-Buthe kaskazini. Jina maana yake ni mlima wa usiku, na wenyewe wanasema usiku mlima huo hurefuka, adui anayeukwea gizani hafiki juu. Matiwane, mkuu wa Wangwane, alijaribu mwaka 1828 akashindwa. Jeshi la Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, lilijaribu 1831 likashindwa, na inasimuliwa kwamba Moshoeshoe aliwapelekea ng'ombe wa kula njiani wakati wanarudi kwao, akisema njaa ndiyo iliyowaleta. Makaburu wa Free State, jamhuri yao ya jirani, nao wakaja 1865, na kamanda wao Louw Wepener akauawa kwenye njia ya kupandia iitwayo Khubelu.

Juu kuna chemchemi, magofu ya mawe, na makaburi ya wafalme. La Moshoeshoe mwenyewe, aliyefariki 11 Machi 1870, ni rundo la mawe tu. La Moshoeshoe II, aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1996, liko hukohuko. Ukitazama upande wa pili unaona kilele cha Qiloane, kimechongoka, na mwongozaji atakuambia kofia yao ya nyasi, mokorotlo, imeiga umbo lake.

Sasa, hapa ndipo kosa langu lilipokuwa. Kampuni niliyolipa ilitupangia dakika 40. Tulipanda tukihema, dereva akasoma tarehe kwenye simu yake, tukapiga picha, tukashuka. Siku hiyohiyo tulikuwa na vituo vingine vinne. Nilirudi hotelini nikiwa na picha 200 bila hadithi hata moja.

Safari ya pili nilikwenda mwenyewe, nikachukua mwongozaji palepale chini ya mlima, mama mmoja wa makamo. Nusu ya kupanda akanikalisha kwenye jiwe. Akaniuliza najua maana ya jina Moshoeshoe? Sikujua. Akaweka kidole shavuni, akakivuta kuelekea kidevuni, "shwe, shwe", kama wembe unaopita kwenye ndevu. Jina la utotoni lilikuwa Lepoqo. Alipokuwa kijana aliteka ng'ombe wa jirani yake, akajisifu kwamba amemnyoa ndevu, na sauti ya wembe ikawa jina lake.

Halafu akanipa ya babu. Katika ule mwendo wa 1824, babu yake Moshoeshoe, mzee Peete, alibaki nyuma akakamatwa na walanyama-watu. Njaa ya Lifaqane ilikuwa imewafikisha watu huko. Baadaye walipoletwa mbele ya mfalme, kila mtu akitegemea wauawe, yeye akasema hao ndio kaburi la babu yake, na kaburi halivunjwi. Akaagiza wafanyiwe tambiko la kutakaswa, akawapa mahali pa kuishi. Mama yule alisimulia akinitazama usoni, halafu akanyamaza, akaokota kijiti, akainuka tuendelee kupanda. Tulikaa juu ya mlima saa nne. Kiingilio kilikuwa kilekile.

Morija ndiyo kituo cha pili kisichorukwa, kilomita 45 hivi kusini mwa Maseru. Wamisionari watatu wa Kifaransa, Casalis, Arbousset na Gosselin, walikuja 1833 kwa mwaliko wa Moshoeshoe mwenyewe, aliyekuwa anatafuta watu wa kumsaidia kuwaelewa wazungu wengine. Kijiji kina makumbusho na hifadhi ya nyaraka, na kiwanda cha uchapaji. Hapo ndipo lilipoanza gazeti la Leselinyana la Lesotho, mwaka 1863, kwa Kisotho. Sisi tunaojivunia magazeti ya Kiswahili ya zamani tukumbuke kwamba Msimulizi la Unguja lilikuja 1888, miaka 25 baadaye. Mpenzi wa vitabu atenge siku nzima. Asiyependa, saa moja itamtosha, na asijilazimishe.

Kome, upande wa Teyateyaneng, ni nyumba za udongo zilizojengwa chini ya jabali lililoinama, walimojificha watu enzi zilezile za walanyama-watu. Kinachoshangaza ni kwamba bado zina watu, kwa hiyo unaingia nyumbani kwa mtu. Piga hodi, salimu, omba ruhusa ndipo utoe kamera. Njiani simama Teyateyaneng uwaone kina mama wanavyofuma mazulia kwa singa za mbuzi. Roma, yenye chuo kikuu, ni ya kupita tu, isipokuwa kama uliwahi kusoma hapo.

Kwa farasi: nyanda za juu, mahali watu walipo

Hapa unaanzia Malealea au Semonkong. Malealea unafika kwa kuvuka kipito chenye bango linalomwambia msafiri asimame atazame lango la peponi, na kwa mara moja bango halikudanganya. Semonkong, "mahali pa moshi", imepata jina kwa mvuke wa maporomoko ya Maletsunyane, yanayoanguka mita 192 kwa mkupuo mmoja.

Usiogope neno farasi. Hata mimi nilikuwa sijawahi kupanda kitu zaidi ya bodaboda. Farasi wa Kisotho ni mfupi, mpole, na anajua njia kuliko mwongozaji. Wasotho wamekuwa nao tangu enzi za Moshoeshoe, na Waingereza waliwanunua kwa wingi wakati wa vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 kwa sababu wanavumilia. Siku ya kwanza nilivuta hatamu kila tulipofika ukingoni mwa genge, na kila nilipovuta farasi alisimama kwa hasira. Kijana aliyeniongoza akacheka: "Ntate, mwachie. Yeye hataki kufa." Nikamwachia.

Ziara fupi ni ya saa mbili kwenda kuona michoro ya mapangoni, ya Wasani, wawindaji wa kale wa kusini mwa Afrika, ambayo itamkumbusha mtu aliyefika Kondoa michoro ya kule. Ndefu ni siku nne au tano, Malealea hadi Semonkong kupitia maporomoko ya Ribaneng na Ketane. Usiku unalala kijijini, ndani ya nyumba ya msonge iliyotengwa kwa wageni: godoro chini, jiko la gesi, mshumaa, choo cha shimo nje. Umeme hakuna. Chakula unakuja nacho, kinabebwa na farasi wa mizigo.

Kijiji chenyewe ndiyo ziara. Ukiona bendera nyeupe kwenye mti mrefu, pombe ya mtama iko tayari nyumba hiyo. Nyekundu ni nyama, kijani ni mboga. Wachunga ng'ombe hupita na blanketi wamejifunga shingoni, wengine wakipuliza lesiba, ala ya uzi na unyoya wa ndege, yenye sauti ambayo hujui kama inatoka kwa mtu au kwa upepo. Jioni unaletewa papa na moroho. Usiwe na wasiwasi, ni ugali na mboga za majani, na siku ya tatu nilikuwa naomba uongezwe. Ukikutana na vijana waliopakwa udongo mwekundu, wamo jandoni. Weka simu mfukoni, pita.

Upungufu wake? Tarehe. Kijana wangu alijua kila jiwe na kila ukoo, ila ukimuuliza 1868 kulitokea nini, alitabasamu. Huo ni mwaka ambao Moshoeshoe, akiwa amebanwa na Makaburu, alikubaliwa kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na ndiyo sababu leo Lesotho si mkoa wa Afrika Kusini. Mambo hayo yako Morija na Thaba Bosiu, si mlimani. Na mwili utalipa. Saa sita juu ya tandiko, kesho yake unashuka kitandani kama mtoto anayejifunza kutembea. Mwenye mgongo mbovu asidanganywe na mtu.

Kwa kuchungulia: Sani

Hii ni fupi na mimi nitakuwa mfupi. Unachukuliwa upande wa Afrika Kusini, chini ya Drakensberg, kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, kwa sababu Afrika Kusini hairuhusu magari mengine kupanda njia hiyo. Unapanda kona baada ya kona hadi mita 2,874, unagongewa pasi juu, unaingizwa kwenye msonge mmoja unapewa mkate wa moto, unakunywa kitu kwenye baa yenye madirisha yanayotazama bonde, unashuka. Mandhari yake sijaona mfano. Utamaduni wake ni wa dakika 20, na mama anayekupokea ameshapokea magari matatu asubuhi hiyo. Kama uko Durban na una siku moja, nenda, utafurahi. Kama umetoka Nairobi au Dar kwa ajili ya Lesotho, kufanya hii peke yake ni kusafiri kwenda harusini ukaishia getini.

Tahadhari moja: kupanda Sani ni kutoka Afrika Kusini na kuingia tena siku hiyohiyo. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu anaweza kujikuta amekwama juu na mkate wake.

Ukizipanga pamoja

Kwa pesa, Sani ni nafuu kwa sababu ni siku moja. Lakini ukigawa kwa siku, farasi ndiye wa bei ya chini kuliko wote. Unalala msongeni, unajipikia, na sehemu kubwa ya unacholipa inabaki kwa mwenye farasi, mwongozaji na mwenye nyumba. Gari la kukodi na dereva wake ndilo ghali, hasa ukiwa peke yako. Mkiwa wanne, linageuka kuwa la maana. Pesa yao ni loti, sawa na randi moja kwa moja, na randi inapokelewa kila mahali. Ila maloti yaliyobaki yatumie kabla ya kuvuka mpaka, kwani ng'ambo hakuna anayeyataka.

Kwa msimu, gari linakwenda mwaka mzima. Farasi mimi ningesema Machi hadi Mei, au Septemba na Oktoba. Septemba nyanda za chini zina mipichi inachanua maua ya waridi kila uwanja. Desemba hadi Februari mvua za radi hujaza mito, na farasi havuki mto uliofurika. Juni hadi Agosti ni baridi ya kuganda kweli, si ile ya Lushoto. Sani wakati huo inaweza kufungwa na theluji.

Kwa lugha, zote tatu Kiingereza kinatosha, lakini kwa farasi Kiswahili chako kitakusaidia kuliko unavyodhani. Mosotho mmoja, Basotho wengi, wanasema Sesotho, nchini Lesotho: sarufi hiyo unaijua. Mtu ni motho, watu ni batho, nyama ni nama, tano ni hlano, kuona ni ho bona. Ila mwandiko wao una mitego. Li na lu husomwa di na du, kwa hiyo Lumela, salamu yao, ni "Dumela". Na oe husomwa we, ndiyo maana Moshoeshoe ni Moshweshwe. Mwanamume mwite ntate, mwanamke 'm'e, hata kama ni mdogo kwako. Mtu asiyesalimiwa haulizwi njia. Hilo halihitaji tafsiri kwetu.

Kwa karatasi: njia zote zinapitia Afrika Kusini. Watanzania na Wakenya hawahitaji viza kwa ziara fupi huko, Wakenya tangu Januari 2023. Wengine ulizeni ubalozini mapema, na masharti ya Lesotho yenyewe ulizeni kando. Kadi ya homa ya manjano kaa nayo pamoja na pasi.

Nani aende na ipi

Unayesafiri na wazazi, au unayependa makumbusho, chukua gari, lakini usinunue ziara ya vituo vingi. Muulize muuzaji maswali mawili tu. Thaba Bosiu tutakaa saa ngapi? Na mlimani tutaongozwa na dereva au na mtu wa pale? Akisema "dereva wetu anajua kila kitu", shukuru, endelea kutafuta.

Wewe wa miaka 25 mwenye siku nane na mgongo mzima, nakushauri siku mbili za mwanzo Thaba Bosiu na Morija kwa daladala zao na mwongozaji wa hapohapo, halafu panda Malealea kwa farasi. Mpangilio huu una maana yake: ukishasikia habari za Lifaqane chini, kila pango unalopita juu linakuwa na watu ndani yake. Mimi ningerudi hivyo.

Kuna ya nne, kwa wenye miguu ya chuma. Kila mwaka mwezi Machi, kuelekea Siku ya Moshoeshoe tarehe 11, watu hutembea kutoka Menkhoaneng alikozaliwa mfalme hadi Thaba Bosiu, kilomita 116 hivi kwa siku tatu, wakifuata ule mwendo wa 1824. Sijaifanya. Nimejiahidi mara mbili, na mara zote mbili kitambi kimenikatalia.

Ukichagua farasi, nunua blanketi Maseru kabla ya kupanda, la sufu, na pini kubwa ya kufungia. Mimi langu nilijifunga nilivyojua, kama shuka. Kijiji cha kwanza tu, bibi mmoja alisimama kutoka kwenye kigoda chake, akaja, akalifungua bila kuniomba, akaligeuza. Ile mistari ilikuwa imelala. Akaisimamisha ielekee juu, akabana pini kwenye bega langu la kulia, akanipigapiga kifuani. Kijana akanitafsiria: mistari ikilala, mtu hakui. Nikamwambia bibi nina miaka 41. Akasema bado.